Nimlipe mtu akeshe na pacha wangu wakati bibi yao yupo?

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ni mhasibu katika shule moja ya binafsi, na mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anapeleka mizigo Lubumbashi. Mwezi uliopita nilijifungua pacha kwa upasuaji. Kulwa alizaliwa na kilo 2.3, Doto kilo 2.1. Sasa wana wiki tano, kliniki wanasema uzito unapanda vizuri, namshukuru Mungu. Mchana tunaenda. Kinachonishinda ni usiku.

Anti, hawa watoto hawalali pamoja. Nikimaliza kumnyonyesha Doto, nikamcheulisha, nikambadilisha pampasi, Kulwa ameshaamka. Nikimaliza na Kulwa, Doto anatafuta ziwa tena. Kila nikijiinua kitandani mshono unavuta. Baba Kulwa alipewa siku zake tatu za uzazi, zikaisha, bosi akapiga simu, akaondoka. Sasa hivi yuko kwenye foleni Tunduma, na akivuka hapo kuna foleni nyingine mbele. Tunaongea kwa WhatsApp mtandao ukikubali.

Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kunilea uzazi. Ana miaka 68 na ana presha. Sina neno baya juu yake. Ananikanda, anawaogesha watoto, uji wa pilipili manga haukosekani. Usiku alisema mimi nibaki na Kulwa chumbani, yeye akae na Doto sebuleni, akilia amlete anyonye. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka sana.

Wiki iliyopita niliamka saa tisa usiku nikaona kimya kimezidi. Nikaenda sebuleni. Mama alikuwa ameketi kwenye sofa, kichwa kimeanguka nyuma, amelala fofofo. Doto alikuwa ameteleza kutoka mapajani, amebanwa kati ya nyonga ya bibi yake na mto wa sofa, kanga imemfunika uso. Nilimvuta akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Mama akashtuka, akaniuliza, "Kumekucha?" Nikamjibu bado, nikamchukua Doto nikaenda naye chumbani. Sikumwambia nilichokiona. Asubuhi nilipoangalia vidonge vyake vya presha nikagundua ameruka siku mbili. Anasahau kwa sababu halali.

Mtaani kwetu kuna mkunga mstaafu, tunamwita Mama Nesi. Jirani yangu alimtumia alipojifungua. Anakuja saa mbili usiku, anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, elfu 25 kwa usiku mmoja. Nikimchukua siku nne kwa wiki ni laki moja. Hela ninayo, nilivunja kikoba mwezi wa tisa, ila ilikuwa ya kulipia kiwanja Chanika. Halafu nikikumbuka kwamba dada wa kazi namlipa elfu 90 kwa mwezi mzima, roho inanisuta.

Nilipomwambia mume wangu alijibu, "Mama yupo, unalipa mtu wa nini?" Nikamgusia mama mwenyewe kwa mbali. Akasema, "Kwetu mtoto hajatoka arobaini hashikwi na mgeni usiku. Kama nimewashinda semeni nirudi Korogwe." Tangu siku hiyo anaongea na mimi kwa mafupi. Dada wa kazi, ana miaka 20, alisikia mazungumzo akanifuata jikoni: "Mama, niongeze elfu hamsini kwa mwezi, nitakesha nao mimi." Huyu anaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku.

Rafiki zangu nao wamegawanyika. Mmoja anasema mjini watu wanafanya hivyo, ni kawaida. Mwingine alicheka, akaniuliza nimezaa ili nani alee. Na mimi ndani yangu naona aibu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alilea watoto sita na sikumwona akimlipa mtu. Mimi wawili tu wananishinda.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Jua likianza kuzama naanza kulia. Nikisikia adhana ya magharibi najua usiku unakuja na tumbo linanikaza. Juzi niliwaza nitoke tu, nichukue bodaboda mpaka stendi ya Magufuli, nipande basi lolote litakalokuwa linaondoka. Nikaona haya kuwaza hivyo huku nimemshika mtoto.

Nifanyeje Anti? Nimchukue Mama Nesi nionekane nimemdharau mama mkwe, au nivumilie?

Na swali dogo: mama mkwe anasema maziwa yakikaa ziwani usiku kucha yanachacha, mtoto akinyonya asubuhi ataharisha. Ni kweli?

Mama Kulwa, Tabata.

MAJIBU

Marahaba, Mama Kulwa. Hongera, na pole. Umejifungua wawili kwa mkupuo, umepasuliwa, na bado umepata nguvu ya kuandika barua yenye mpangilio kuliko nyingi ninazozipokea. Nadhani umeiandika vipande vipande, kati ya ziwa moja na jingine.

Nikueleze nilivyokuelewa. Una watoto wawili waliozaliwa chini ya kilo 2.5, ambao hawawezi kuachwa walale usiku mzima bila kunyonya. Una mshono. Una mume aliye mpakani, mama mkwe ambaye mwili wake umeanza kukataa, na binti wa kazi aliye tayari kujitolea kwa bei ndogo. Unataka kulipa mtu, na unaowapenda wanakuambia hakuna sababu ya kulipa kwa kuwa nyumbani kuna watu. Juu ya hayo kuna machozi ya magharibi.

Nianze na hayo machozi, maana umeyaweka karibu na mwisho wa barua kama kitu cha pembeni.

Kulia na kuyumba siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya tano na hali haijatulia, inakuja na hofu ya usiku na wazo la kuondoka usirudi. Siwezi kukupima kwa barua. Ninachojua ni kwamba sonona ya baada ya kujifungua ipo, inatibika, na haiji kwa sababu mama hapendi watoto wake. Wiki ijayo pacha wanatimiza wiki sita, wana chanjo, na wewe una hudhurio lako la siku 42. Wahudumu watauliza kuhusu mshono na damu. Usisubiri waulize kuhusu moyo, waambie mwenyewe, kwa maneno yaleyale ya adhana na stendi. Wazo hilo likibadilika likawa la kujidhuru au kuwadhuru watoto, usingoje wiki ijayo. Mwamshe mama mkwe, mwambie asikuache peke yako, muende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Akina mama wamewahi kunificha hili hadi barua ya tatu. Wewe umelisema kwenye ya kwanza, na sitaki lipotee katikati ya habari za laki moja na kiwanja.

Nalitenganisha na suala la Mama Nesi kwa makusudi. Usingizi unaweza kukusaidia sana, lakini usimwajiri mkeshaji ukitegemea kwamba ndiye atakayekutibu. Na usije ukakosa matibabu eti kwa sababu mkeshaji umeshampata.

Sasa twende kwenye usiku wenyewe. Mume wako anauliza unalipa mtu wa nini wakati mama yupo. Kwa hesabu yake, usiku huu hauna gharama. Mimi nikisoma barua yako naona unalipiwa kila siku, ila si kwa noti. Mama mkwe analipa kwa presha yake. Wewe unalipa kwa mshono na machozi. Doto nusura alipe siku ile ya sofa. Kwa hiyo labda swali si kama mlipe au msilipe. Swali ni nani aendelee kulipa, na kwa kitu gani.

Naomba nikuulize: mume wako anajua kuhusu sofa? Umeniandikia mimi, lakini hukuandika kama ulimwambia. Kama hajui, basi anaposema "mama yupo" anamwona mama aliyemlea yeye, mwenye nguvu zake. Hajamwona wa saa tisa usiku. Sikulaumu kwa kunyamaza, ulikuwa unamhifadhi mama mkwe aibu. Ila jibu alilokupa huenda amelitoa kwa habari nusu. Na hilo la stendi je? Hayo si mambo ya kutuma kwa meseji akiwa kwenye foleni na simu ina chaji kidogo. Mwombe muda, mwambie una jambo refu.

Jambo la sofa lina upande ambao hauhitaji hela wala ruhusa ya mtu. Mtu mzima kusinzia na kichanga kwenye sofa ni miongoni mwa mazingira ya hatari zaidi ya kulala kwa mtoto, kwa sababu uso unabanwa na hawezi kujinasua. Linaweza kumtokea bibi, nesi, wewe, yeyote aliyechoka. Kwa hiyo hata leo usiku, awepo nani: watoto walale chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, ndani ya chandarua, bila mto wala kanga nzito karibu na uso. Anayewaangalia awe na mkeka au kitanda chake pembeni. Akihisi usingizi, amrudishe mtoto kwenye godoro lake kwanza. Unaweza kumwambia mama mkwe kwamba ndivyo kliniki wanavyoelekeza, na hutakuwa umemdanganya.

Umesema mama yako alilea sita na hukumwona akimlipa mtu. Naamini. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto haoni yote. Kawaulize shangazi zako au kaka na dada zako wakubwa: ulipozaliwa wewe, nani alikuwa nyumbani? Ningeshangaa ukiambiwa mama alikuwa peke yake. Mara nyingi kulikuwa na mdogo wake, binti wa jirani, dada mkubwa aliyebeba mtoto mgongoni mama akilala mchana. Arobaini yenyewe humsaidia mzazi asibaki peke yake na kazi zote. Watu wale sasa wako shuleni, wako kazini, mmoja yuko Tunduma. Kujipima na mama yako bila kuwahesabu wale waliomzunguka si kujitendea haki.

Tumtazame Mama Nesi. Jirani alimtumia, ni mkunga, anajua kushika kichanga. Ila ujue unanunua nini. Pacha wako kwa uzito ule wanahitaji kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, jumla mara 8 hadi 12 kwa siku moja. Hakuna mkeshaji atakayefuta hilo. Tena mwili unatengeneza homoni ya maziwa kwa wingi zaidi usiku, na mama anayeacha kabisa kunyonyesha au kukamua usiku anaweza kupata matiti yaliyojaa hadi kuuma, wakati mwingine yakavimba na kuleta homa, na baadaye maziwa yakapungua. Kwa hiyo ukimlipa ukitarajia kulala hadi asubuhi, utaona amekudhulumu.

Anachoweza kukupa ni kila kitu kinachozunguka ziwa. Anakuletea mtoto kitandani, unanyonyesha ukiwa umelala ubavu au umeegemea, anamchukua, anamcheulisha, anambadilisha, anambembeleza, wewe umeshafumba macho. Anaweza kukusaidia kuwaweka wote wawili ziwani kwa pamoja, jambo ambalo peke yako na mshono ni kazi, na hapo zile zamu mbili zinazokesha nawe zinakuwa moja. Na mkitaka upate kipande kirefu cha usingizi, mnaweza kukamua jioni akawanywesha kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Kwa joto la Dar es Salaam usiyaache maziwa yaliyokamuliwa mezani. Yaweke friji, huko hukaa hadi siku nne. Umeme wenu ukiwa wa kukatika, tafuta deli lenye barafu.

Hatari zake? Kwanza, kuitwa nesi na mtaa mzima si sawa na kuwa nesi. Muulize kwa heshima alifanya kazi wapi, na kama bado ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama hana, si lazima umkatae, lakini utajua kwamba unamwajiri mama mzoefu na si mhudumu wa afya. Muulize mchana anafanya nini. Anayeuza genge kutwa nzima atasinzia kwenye sofa lako kama mwingine yeyote. Anakohoa? Amepimwa kifua kikuu? Mjumbe wenu anamfahamu?

Halafu muulize swali hili na umsikilize vizuri: mtoto akilia saa nane usiku na ameshanyonya, unafanyaje? Akikujibu kuhusu kumbeba, kumwimbia, kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi huku yeye yuko macho, endelea naye. Akianza habari za dawa ya chango, maji ya sukari, kijiko cha asali, au ile dawa ya mafua ya majimaji inayowaletea watoto usingizi, hapo simama. Wanao hawahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa yako hadi miezi sita, ila alichoandika daktari. Asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na dawa ya kumlaza kichanga inaweza kumlegeza hadi pumzi. Mkeshaji anayelipwa ana kishawishi ambacho bibi hana: mtoto akilala, yeye ameonekana anajua kazi.

Kuna na hesabu. Laki kwa wiki ni kama laki nne kwa mwezi, na kiwanja hakitakungoja milele. Lakini lazima ziwe siku nne? Usiku mbili zenye kujua kwamba kesho kutwa utapumzika zinaweza kubadilisha wiki nzima. Zinaweza pia zisitoshe, ukaishia kuongeza. Wengine hupatana kwa nusu usiku, kuanzia saa sita hadi alfajiri, ingawa kumsafirisha mtu saa sita za usiku kuna shida yake. Lolote utakaloona linafaa, tajeni tangu mwanzo siku ya kumaliza. Ni rahisi kumzoea mtu wa usiku, na mwezi mmoja ukawa mitatu.

Dada wa kazi, sasa. Anawapenda watoto, anaijua nyumba, mama mkwe hawezi kumwita mgeni. Ndiyo maana namhofia zaidi. Elfu 50 anayoomba kwa mwezi ni sawa na usiku mbili za Mama Nesi, na hesabu hiyo siku moja ataipiga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inadai nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na kwa kawaida inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kazi na kazi. Najua nyumba zetu nyingi haziishi hivyo. Lakini weka sheria pembeni, tazama mwili: anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akafua, akapika, kisha akakesha, ndani ya wiki utamkuta pale ulipomkuta mama. Kama utamtaka usiku, basi mchana wa siku hiyo awe huru kweli, na kazi za mchana mpate wa kuzifanya. Umesema roho inakusuta ukilinganisha mshahara wake na laki ya Mama Nesi. Usiinyamazishe hiyo roho, iko sahihi kuuliza.

Pengine msaada wake mkubwa uko mchana. Je, kuna wakati wa mchana unaolala? Hukutaja. Nyumba yenye mzazi, tena wa pacha, haikosi wageni: huyu kaleta sabuni, huyu doti ya kanga, na wewe unaamka, unajifunga vizuri, unasimulia upasuaji upya. Kuanzia saa nne hadi saa saba, watoto wakishanyonya, dada angeweza kukaa nao, na mama mkwe akapokea wageni sebuleni akawaambia mzazi amelala. Kazi hiyo hakuna nesi anayeiweza kama yeye. Inaweza isitoshe kufidia usiku, lakini ni bure na inaanza kesho. Wenzako wa kikoba nao, badala ya kukuletea beseni la tatu la zawadi, wangeweza kukuchangia usiku mmoja mmoja wa Mama Nesi. Wapo watakaochanga kwa moyo na watakaokwenda kusema. Wewe ndiye unayewajua.

Mama mkwe nimemweka huku mwisho kwa sababu ndiye anayekuumiza zaidi. Yasome tena maneno yake: "Kama nimewashinda semeni nirudi Korogwe." Wewe umesikia hasira. Mimi nasikia pia mtu anayeogopa kwamba safari yake imeonekana haina maana. Na lile la kwanza: mtoto hajatoka arobaini. Wanao wana wiki tano, arobaini ni siku chache tu mbele. Umewahi kumuuliza kama baada ya arobaini pingamizi lake linabaki? Huenda alikuwa anazungumzia siku hizo, jicho la watu, desturi ya kwao, na wewe ukasikia "kamwe". Huenda pia hatakubali hata baada ya hapo. Na siku chache si chache kwa mtu anayewaza stendi. Ukiona huwezi kuzingoja, una haki ya kusema hivyo.

Njia mojawapo ni mwanawe aongee naye, akianzia kwenye vidonge vilivyorukwa: "Mama, nataka ulale, nakuhitaji miaka mingi." Kutoka kwa mtoto wake hilo ni jema. Kutoka kwako linaweza kusikika kama kufukuzwa. Njia nyingine ni Mama Nesi aje mchana kusalimia, mama mkwe amhoji yeye, na usiku wa kwanza awepo kumwangalia anavyoshika watoto. Hatari ya njia hii uijue: ukimwomba maoni halafu akamkataa Mama Nesi, na wewe ukamwajiri hata hivyo, utakuwa umemuumiza mara mbili. Usimpe kura kama hukukusudia kuihesabu. Ukimweleza kuhusu sofa, mweleze mkiwa wawili tu, usitumie kama ushahidi mbele ya mwanawe.

Baba Kulwa naye akirudi atakuwa amechoka, na dereva aliyekosa usingizi ni hatari barabarani, kwa hiyo sisemi akeshe. Lakini saa mbili hadi saa sita usiku, siku anazokuwa nyumbani, anaweza kumbeba mmoja kifuani wakati wewe unalala. Atajua mwenyewe "mama yupo" ina uzito gani.

Usisahau pia likizo yako. Kwa kuwa umejifungua zaidi ya mtoto mmoja, sheria ileile ya ajira inakupa siku 100 badala ya 84. Hakikisha shule imezihesabu hivyo, na ukirudi kazini dai muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Huenda ukaona hela ya Mama Nesi inahitajika zaidi wiki ile ya kurudi kazini kuliko sasa, au ukaona bila usiku hizi chache hutafika huko. Hilo siwezi kukuamulia nikiwa huku.

Na swali lako dogo. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa, hata yakikaa usiku kucha. Mtoto akinyonya asubuhi hatapata kuhara kwa sababu hiyo. Yanayoweza kuharibika ni yaliyokamuliwa yakaachwa kwenye joto, au yaliyowekwa kwenye chombo kichafu. Ziwa likijaa sana mtoto hushindwa kulishika vizuri. Kamua kidogo kwa mkono kwanza, chuchu ilainike, ndipo umpe. Pacha wakianza kuharisha kweli, kukataa kunyonya, kupata joto au kupumua haraka, wapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.